Raia wa Msumbiji anayeishi Mtwara: viza ya ndoa ya Marekani aiombee wapi?

Swali: Mimi ni raia wa Msumbiji, mzaliwa wa Mocímboa da Praia, na nimeishi Mtwara mjini miaka kumi na moja. Nilikuwa na kibali cha kazi, sasa nina pasi ya mtegemezi chini ya kibali cha mume wangu, ambaye ni raia wa Marekani. Ameajiriwa hapa Mtwara na mkataba wake unaisha mwakani. Tulifunga ndoa ya Kiislamu Mikindani, sasa ni mwaka na miezi miwili. Nina binti wa miaka tisa niliyezaa na Mtanzania, alizaliwa hospitali ya Ligula hapa Mtwara. Tunataka kuhamia Marekani. Shemeji yangu anasema lazima nirudi Msumbiji ndiyo niombe viza. Mume naye anafikiria atangulie akatafute kazi na nyumba, mimi nibaki na mtoto nikisubiri. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada, huhitaji kurudi Msumbiji. Tangu 1 Novemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inawapangia waombaji wa viza za uhamiaji usaili katika nchi wanamoishi. Mwenye kutaka kusailiwa katika nchi ya uraia wake anaweza kuomba hivyo, lakini halazimishwi. Makao yako ni Mtwara, kwa hiyo ubalozi wako ni ule wa Marekani ulioko Msasani, Dar es Salaam.

Linalonitia wasiwasi ni mpango wa mumeo kutangulia. Mtu anayeombea viza nchi isiyo yake anapokelewa kwa sababu moja tu: anaishi pale, na akiulizwa anaweza kuthibitisha. Wewe unaishi Tanzania kwa pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo inaning'inia kwenye kibali cha ukaazi cha mumeo. Kibali chake kikifungwa Uhamiaji, pasi yako haina tena pa kushika. Safari yote, kuanzia fomu ya kwanza mpaka usaili, huchukua mwaka na mara nyingi zaidi. Akiondoka mwakani ombi likiwa katikati, utabaki Mtwara bila hadhi halali, na itakapofika zamu yako ya kuitwa Dar es Salaam hutakuwa na cha kuonyesha kwamba huku ndiko unakoishi. Hapo ndipo maneno ya shemeji yako yangekuwa kweli.

Pengine mumeo anafikiri hivyo kwa sababu amesikia kwamba mdhamini lazima awe na makazi Marekani. Sharti hilo lipo, ila watu hulisoma nusu. Raia anayeishi nje hukubaliwa akionyesha kwa vitendo kwamba anarudi kuishi huko, na kwamba ataingia Marekani kabla ya mkewe au siku moja naye. Si lazima atangulie. Vitendo vyenyewe ni kama akaunti ya benki inayotumika, mkataba wa kupanga nyumba au barua ya ndugu atakayewapokea, maombi ya kazi pamoja na majibu yake, leseni ya udereva, usajili wa mpiga kura, na mawasiliano na shule ambako mtoto atasoma. Ushauri wangu ni huu: afungue ombi sasa akiwa Mtwara, abaki na wewe, kibali kiendelee, na siku ya safari mwondoke pamoja.

Kama mkataba hauwezi kuongezwa, basi tafuta hadhi yako mwenyewe kabla kibali chake hakijafungwa. Uliwahi kuwa na kibali cha kazi, kwa hiyo njia unaijua: mwajiri akuombee kibali cha daraja B, au daraja A kama una biashara yako yenye mtaji na usajili unaotakiwa. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa miezi kadhaa mapema, ueleze kwamba unabadili kutoka pasi ya mtegemezi. Hilo likishindikana, ni bora kuhamia Msumbiji kweli na kuomba faili lihamishwe kuliko kukaa Mtwara bila kibali. Ombi la kuhamisha hupelekwa NVC, yaani Kituo cha Taifa cha Viza cha Marekani, kupitia fomu yao ya maswali mtandaoni. Ukiandikia ubalozi, utajibiwa uwasiliane na NVC.

Anza leo kuweka ushahidi wa makazi kwenye bahasha moja: nakala za vibali vyako vyote tangu ulipofika, kurasa za pasipoti zenye mihuri, mkataba wa nyumba, barua ya mtendaji wa mtaa, barua ya shule ya binti, na kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi kama unacho. Risiti za LUKU peke yake hazina nguvu, maana mita nyingi zina jina la mwenye nyumba. Na ukienda Cabo Delgado kuwaona wazee, pita Kilambo au Mtambaswala, ugongewe mhuri kutoka na kurudi. Najua kwa watu wa Ruvuma mto ni njia ya kwenda kwa shangazi, na njia za panya ni fupi kuliko barabara. Lakini kwenye fomu utaulizwa ulikoishi tangu ulipofikisha miaka 16, na mihuri ndiyo inayoshuhudia ukweli wa majibu yako.

Kuna jambo la mpakani ambalo limewaharibia wengi, nalo ni kuwa na uraia wa mdomoni. Watu wa kabila moja wako kando zote mbili za mto, na wapo waliojiandikisha kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura kama Watanzania ili watoto wapate shule au wapate mkopo wa pembejeo za korosho. Kama ulishawahi kufanya hivyo, usilifiche na usilitumie. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya fomu yoyote kuingia. Kudanganya kwenye jambo la msingi katika ombi la viza humfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu, na msamaha huo una masharti magumu. Uraia wa Msumbiji hauna kosa lolote. Kosa ni kuwa na watu wawili katika karatasi.

Sasa tuje kwenye uraia, maana ndio utakaoamua mengi kwenu. Mahali pa usaili hutegemea makazi, lakini vizuizi vya kuingia Marekani hufuata pasipoti. Tangazo la Rais wa Marekani lililosainiwa 16 Desemba 2025 na kuanza 1 Januari 2026 liliiweka Tanzania katika nchi zenye vizuizi vya sehemu, na vizuizi hivyo vinagusa viza za uhamiaji. Baada yake, kuanzia 21 Januari 2026, Wizara ya Mambo ya Nje ikasitisha kutoa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, na Tanzania imo. Msumbiji haikutajwa katika orodha yoyote kati ya hizo mbili zilipotolewa. Kwa hiyo kusailiwa Dar es Salaam hakukufanyi uhesabiwe Mtanzania. Orodha hizi hubadilika, nchi huongezwa na kuondolewa, hivyo ziangalie kwenye tovuti ya Wizara hiyo kabla ya kila malipo, na tena wiki ya usaili.

Binti yako ana hali nyingine. Baba yake ni Mtanzania na amezaliwa Mtwara, kwa hiyo ni raia wa Tanzania, na vizuizi vinamgusa yeye hata kama wewe vinakupita. Jambo hili mlijue leo, msilikute dirishani siku ya usaili. Tangazo lile, pamoja na ule usitishaji, halimbani mwenye uraia wa nchi mbili anayeomba kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha. Nenda Ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam uulize taratibu za kumwandikisha binti uraia kupitia kwako wewe mama yake, kwa cheti chake cha kuzaliwa na vyako. Likiwezekana, lifanyike kwa njia ya wazi kabisa, na mkumbuke kwamba akitimiza miaka 18 sheria ya Tanzania itamtaka abaki na uraia mmoja. Lisipowezekana, bado mfungulieni ombi sambamba na lako. Kesi iliyokwisha kamilika husonga mara kizuizi kinapoondolewa, ambayo haijafunguliwa huanzia mwisho wa foleni.

Tena msidhani mtoto ataingia ndani ya ombi lako. Katika viza ya mke wa raia wa Marekani hakuna watoto wanaoambatana. Mumeo atajaza fomu mbili za I-130, ile ya raia kuwaombea jamaa zake uhamiaji, moja yako na nyingine ya binti kama mtoto wa kambo. Sharti ni kwamba ndoa yenu ilifungwa mtoto hajafikisha miaka 18, na hilo mmelitimiza. Kwa binti tayarisheni pia ridhaa ya baba yake mzazi, iliyoandikwa na kuapwa mbele ya wakili au hakimu, ikisema anakubali mtoto ahamie nje moja kwa moja. Kama baba hajulikani alipo au anakataa, anzeni Ustawi wa Jamii na mahakamani kutafuta amri ya malezi. Hilo huchukua muda mrefu kuliko karatasi nyingine zote, kwa hiyo lisiachwe mwisho.

Fomu ya I-130 hujazwa na mumeo, kwa sababu yeye ndiye mwombaji mbele ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Ada ni dola 625 kwa kila fomu ikijazwa mtandaoni, au dola 675 ikipelekwa kwa karatasi. Mtandaoni ni rahisi kwenu, maana atajaza akiwa Mtwara na barua zote zitaingia kwenye akaunti yake. Ubalozi haupokei fomu hii isipokuwa kwa dharura chache sana, na mkataba kuisha si mojawapo. Pamoja nayo huenda fomu ya I-130A yenye historia yako ya makazi na kazi ya miaka mitano, na picha za pasipoti za kila mmoja wenu, sentimita 5 kwa 5, mandhari nyeupe.

Ndani ya I-130 kuna mahali panapouliza mwombaji wa viza atasailiwa mji gani na nchi gani. Andikeni Dar es Salaam, Tanzania. Kwenye anwani yako wekeni mtaa na kata ya Mtwara unakokaa kweli. Waombaji wengi wa nchi ya tatu, yaani wanaoombea viza nchi isiyo yao, huteleza hapa: anwani anaweka ya kwao alikozaliwa kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye kitambulisho, kisha anashangaa faili limeelekezwa huko. Kurekebisha inawezekana, lakini ni miezi mingine ya kuandikiana.

Cheti cha ndoa nacho kitazamwe vizuri. Ndoa ya Kiislamu inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mradi aliyefungisha alikuwa na leseni na ndoa ikasajiliwa. Kinachotakiwa ni cheti cha serikali chenye namba ya usajili. Karatasi ya msikitini au ukurasa wa kitabu cha shehe havitoshi. Kama mlichonacho hakina namba hiyo, ulizeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya au RITA namna ya kuhakiki na kupata nakala iliyothibitishwa.

Kubwa zaidi ya cheti ni ndoa zilizotangulia. Kama mumeo alishaoa, hukumu ya talaka yake inaambatanishwa. Kama wewe ulikuwa umeolewa na baba wa binti kwa nikaha, na akakupa talaka ya maneno au ya karatasi peke yake, simama hapo kwanza. Kwa sheria ya Tanzania ndoa huvunjwa na mahakama. Shauri hupitia Baraza la Usuluhishi, kisha mahakama inatoa hukumu, na talaka husajiliwa. Bila hukumu hiyo USCIS inaweza kusema ndoa ya kwanza bado ipo, na ya pili, hata iwe na cheti kizuri namna gani, haifai. Dawa yake ni kupata hukumu, kisha kupata ushauri wa wakili kama mnahitaji kufunga ndoa upya, ndipo I-130 iingie. Vilevile kama mumeo ana mke mwingine ambaye hajaachana naye, viza hii haipatikani, kwa kuwa Marekani haitambui mke wa pili katika uhamiaji.

Kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli hakutawasumbua, kwa sababu mnaishi nyumba moja. Wanaoishi mbali hupeleka mamia ya kurasa za ujumbe wa WhatsApp. Ninyi pelekeni mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja au miamala ya fedha baina yenu, pasi yako ya mtegemezi yenyewe, bima inayokutaja kama mke, na picha za nyakati tofauti zikiwa na ndugu wa pande zote. Picha kumi na tano zenye tarehe na majina nyuma zinasema zaidi ya albamu nzima ya siku ya harusi.

Cheti chako cha kuzaliwa ndicho kitakachokula muda. Kinachotakiwa kutoka Msumbiji ni certidão, yaani cheti, ndefu, yenye maelezo kamili na majina ya wazazi, inayotolewa na conservatória, ofisi ya usajili ya huko. Cédula ile ndogo haikubaliki badala yake. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, na mji ukawa mikononi mwa waasi tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021, kwa hiyo usichukulie kwamba kitabu chenye jina lako bado kipo. Mtume ndugu aliyeko Pemba aulizie, au pitia ubalozi wenu. Rekodi ikiwa haipo, omba barua rasmi ya conservatória inayosema imetafutwa na haikupatikana. Barua hiyo ndiyo inayofungua mlango wa ushahidi mbadala: cheti cha ubatizo au cha madrasa, rekodi za shule, kitambulisho cha zamani, na viapo vya watu wazima wawili waliokuwapo ulipozaliwa, wakieleza wamejuaje. Viapo bila barua ya conservatória hurudishwa.

Majina je? Hapa watu wa kusini wanaumia sana. Katika karatasi za Kireno unaweza kuwa Fátima Assane Momade, na katika cheti cha ndoa cha Mikindani ukaandikwa Fatuma Hassan Muhamadi. Wewe unajua ni mtu mmoja, ofisa haoni hivyo. Linganisha herufi kwa herufi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha binti, vibali vya Uhamiaji. Pasipoti ndiyo iwe mama wa zote. Cheti cha ndoa chenye kosa kisahihishwe kwa aliyekisajili, na zile tofauti zisizosahihishika zielezwe kwenye hati moja ya kiapo inayotaja kila umbo la jina na waraka linamopatikana. Katika fomu, sehemu inayouliza majina mengine uliyowahi kutumia yaandikwe yote.

Tafsiri ina kanuni mbili tofauti, na mwombaji wa nchi ya tatu asipozijua hulipia mara mbili. USCIS inataka kila waraka usio wa Kiingereza utafsiriwe. NVC inataka tafsiri ya waraka usio wa Kiingereza wala wa lugha rasmi ya nchi ya usaili. Kwa hiyo, kwa usaili wa Dar es Salaam, waraka wa Kiswahili unapita NVC ulivyo, ila wa Kireno lazima utafsiriwe. Faili likihamia nchi nyingine, hata vya Kiswahili vitahitaji tafsiri. Nashauri mtafsiri vyote mara moja tangu I-130. Mtafsiri aandike mwishoni kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, aweke jina, anwani, saini na tarehe. Asiwe mumeo wala wewe.

I-130 ikishakubaliwa, faili huenda NVC nanyi mnapata namba ya kesi. Herufi tatu za mwanzo huonyesha ubalozi. Ya Dar es Salaam ni DRS. Ziangalieni siku hiyo hiyo. Kisha mnalipa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukaguliwa kwa udhamini. Malipo haya hufanywa mtandaoni kutoka akaunti ya benki ya Marekani tu, M-Pesa na kadi za benki za hapa hazifanyi kazi, kwa hiyo mumeo asifunge akaunti yake ya kule. Halafu unajaza DS-260, fomu ya mtandaoni ya ombi la viza ya uhamiaji, na kupakia nyaraka. Barua pepe mtakayotumia iwe moja na msiipoteze. Mwaka mzima ukipita bila kuwasiliana na NVC, kesi inaweza kufutwa.

Cheti cha polisi, ambacho wengi hapa hukiita cheti cha tabia njema, unahitaji viwili. Cha Tanzania, kwa kuwa umeishi hapa zaidi ya miezi sita. Utachukuliwa alama za vidole na kulipa kwa namba ya malipo, kisha maombi hushughulikiwa makao makuu ya polisi. Cha Msumbiji, registo criminal, kwa kuwa ni nchi ya uraia wako na uliishi huko baada ya kutimiza miaka 16. Nchi nyingine yoyote ulikokaa miezi 12 au zaidi tangu umri huo inahesabiwa pia. Kwa hesabu za ubalozi cheti cha nchi unayoishi hudumu miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kukichukua siku ya kwanza; kichukue I-130 ikishakubaliwa. Binti haombewi, hajafika miaka 16.

Kwenye udhamini, fomu ya I-864, mshahara wa Mtwara ndio mtego. Unahesabiwa tu kama utaendelea kutoka kwa mwajiri yule yule baada ya kuhamia Marekani. Kiwango ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa viwango vya 2025 familia ya watu watatu ilihitaji dola 33,312 kwa mwaka, na kiwango hupanda kila mwaka. Asipofika, kuna mdhamini mwenza: raia au mwenye kadi ya kijani, aishiye Marekani, mwenye miaka 18 au zaidi, na kipato chake. Si lazima awe ndugu. Njia nyingine ni mali inayoweza kuuzwa, yenye thamani mara tatu ya pengo kwa ombi lako wewe mke. Njia yoyote mtakayochagua, mumeo lazima aonyeshe ritani ya kodi ya Marekani ya mwaka wa karibuni. Raia wa Marekani wanaofanya kazi nje hudhani wakilipa TRA wamemaliza. Kipato cha nje kinaweza kusamehewa kodi, lakini ritani inapaswa kupelekwa. Kama kuna miaka hakupeleka, azipeleke sasa.

Tarehe ya usaili ikishatoka, unapanga kipimo cha afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, huko Dar es Salaam. Vipimo vya Ligula havichukuliwi, hata viwe vizuri namna gani, ingawa kadi yako ya chanjo na ya binti uende nazo, zitakupunguzia sindano. Wewe utapigwa picha ya kifua, binti atapimwa damu kwa ajili ya kifua kikuu, kama ilivyo kwa watoto wa miaka 2 hadi 14. Picha ikionyesha doa, utatakiwa kutoa makohozi na kusubiri yaoteshwe wiki nane. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu aende na rekodi za matibabu. Kipimo cha VVU hakimo tangu 2010. Ukiwa mjamzito sema kabla ya picha.

Msifike Dar es Salaam alfajiri ya siku ya usaili. Kati ya Mtwara na Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote. Masika ondokeni siku tatu nne kabla, au mpange nauli ya ndege mapema. Kipimo cha afya kiwe wiki moja hadi mbili kabla ya usaili ili majibu yawahi, maana yake ni safari mbili au kukaa kwa jamaa.

Dirishani utapeleka pasipoti yenye uhai wa miezi sita mbele, barua ya miadi, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, picha, na asili za kila kitu mlichopakia, pamoja na kibali chako cha kuishi Tanzania chenye tarehe hai. Usaili hufanyika kwa Kiingereza au Kiswahili. Chagua lugha unayojieleza vizuri. Ukipewa karatasi ya 221(g), yaani viza haijatolewa kwanza, mara nyingi ni kwa sababu ya waraka unaokosekana au uchunguzi zaidi. Una mwaka mmoja wa kupeleka kilichotakiwa. Na asikudanganye kishoka yeyote Dar kwamba anauza tarehe ya usaili. Tarehe hutolewa na NVC bila malipo.

Viza hudumu hadi miezi sita, mara nyingi kufuatana na kipimo cha afya. Kabla ya kusafiri lipeni dola 235 za kadi ya kijani mtandaoni. Halafu angalia tarehe ya ndoa. Ukiingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, unapewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, alama yake CR1, na mtajaza I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kuyaondoa. Ikiwa miaka miwili imeshatimia siku unayoingia, unastahili IR1 na kadi ya miaka kumi. Kwa mwendo wa kesi zenu mtakuwa mmeshavuka, ila viza inaweza kuwa imechapwa CR1. Mwonyeshe ofisa wa uwanja wa ndege cheti cha ndoa, umwombe airekebishe palepale kabla hajagonga mhuri.